Nywele, Pingu na Machela

Picha ya Dedan Kimathi unaijua. Hata kama somo la historia uliliacha kidato cha pili, hii picha unaijua. Mwanaume amelazwa kwenye machela, mikono iko kwa pingu, nywele zimesokotana, macho wazi. Umeiona kwenye kitabu cha Social Studies, umeiona kwenye fulana, na kama umekulia Eastlands kuna siku umeiona ubavuni mwa nganya, imechorwa kati ya Tupac na Bob Marley kana kwamba hao watatu walikuwa bendi moja.

Sasa jaribu kitu. Taja mambo matatu kuhusu Kimathi ambayo hayaonekani kwenye hiyo picha. Bila Google.

Wasee wengi huishia mawili: alipigana msituni, akanyongwa. La tatu linageuka kuwa nywele tena.

Hilo swali nimeliuliza sana kwa sababu ni sehemu ya kazi yangu. Chuo nilikiacha mwaka wa pili. Tangu hapo naishi kwa kuandika, na mwezi ukikauka nafundisha watoto wa ploti yetu huku Kayole tuisheni ya jioni, soo moja kwa kila kichwa. Ni sita, wa gredi ya saba hadi ya tisa, meza moja, stima ya kubahatisha. Tulipofika Mau Mau niliwasomesha ukurasa mzima kuhusu Kimathi, kwa sauti, zamu kwa zamu. Picha ilikuwa juu kabisa ya ukurasa. Wiki iliyofuata nikawaambia wafunge kitabu waandike wanachokumbuka. Wote sita waliandika nywele. Watano waliandika pingu. Mmoja, dogo wa gredi ya saba ambaye huwa hasemi sana, aliandika kwamba Kimathi alikuwa mgonjwa. Nilipomuuliza ametoa wapi hiyo, akanijibu, "Ticha, si alikuwa amelala kitandani?"

Huwezi kumkataza. Mtu aliyelala kwenye machela ni mgonjwa mpaka maneno yakwambie vingine, na maneno yalikuwa yamekwambia: alipigwa risasi ya paja tarehe 21 Oktoba 1956, kule Nyeri, akakamatwa, akapelekwa hospitali. Dogo aliyasoma hayo kwa sauti yake mwenyewe. Yakapita. Machela ikabaki.

Kwenye ukurasa huohuo kulikuwa na aya nyingine. Ilisema kwamba kabla ya kuingia msituni Kimathi alikuwa amefundisha shule, na kwamba alikuwa katibu wa chama cha KAU upande wa Ol Kalou na Thomson's Falls, ndiyo Nyahururu ya leo. Hakuna hata mmoja aliyeandika mwalimu. Hakuna aliyeandika katibu.

Hapo ndipo panaponiuma, na ninakubali ni kwa sababu mimi ni mtu wa kuandika. Kimathi alikuwa mtu wa makaratasi. Huko Nyandarua, kwa ile baridi, ndege za Waingereza zikiangusha mabomu juu ya miti, jamaa alikuwa anaandika barua, anataka kumbukumbu za mikutano ziwekwe, anataka kila kitu kiwe na rekodi. Karari Njama, mwalimu mwingine aliyeingia msituni na kufanya kazi naye ya ukatibu, ameyaeleza maisha hayo kwa kirefu kwenye kitabu alichotoa na Donald Barnett mwaka 1966, Mau Mau from Within. Hebu fikiria hiyo kazi: unatafutwa na jeshi la dola nzima, karatasi ni ya shida, mvua haiishi, na bado kuna mkutano na kuna mtu amepewa jukumu la kuandika nani alisema nini. Karatasi nyingi ziliishia mikononi mwa Waingereza. Baadhi ya zilizopatikana baadaye zilikusanywa na mwanahistoria Maina wa Kinyatti, zikawa kitabu miaka ya 1980. Kitabu kilitoka huko nje wakati mkusanyaji mwenyewe yuko ndani, gerezani Kenya, kwa kupatikana na maandishi ambayo serikali ya Moi iliyaita ya uchochezi. Yaani hata miaka thelathini baada ya Kimathi kukamatwa, makaratasi yalikuwa bado yanafunga watu. Picha haikumfunga mtu. Picha ilikuwa huru, inazunguka na matatu.

Kwa nini aya inapotea na picha inabaki? Jibu la haraka ni kwamba watu wanapenda picha, watoto wa siku hizi hawasomi, simu zimewaharibu, na kadhalika. Mimi hilo jibu silitaki. Hao watoto walisoma kila neno. Nilikuwa hapo.

Kuna jaribio la mwaka 1972 ambalo kila nikilisoma naona kama lilifanyiwa kwenye ploti za huku. John Bransford na Marcia Johnson, wanasaikolojia wa Marekani, walitunga aya fupi inayozungumzia maputo, sauti isiyofika inapotakiwa, dirisha lililofungwa, waya unaoweza kukatika. Kila sentensi peke yake ni rahisi. Zikiwa pamoja huelewi chochote. Lakini aya hiyo ina picha yake: jamaa amesimama chini ya jengo refu na gitaa, anamwimbia mwanamke aliye dirishani kule juu, na spika imebebwa na maputo mpaka usawa wa hilo dirisha. Huku tunapiga mluzi tu, lakini shida ni ileile: yeye yuko orofa ya tano, wewe uko chini kwa mtaro, na baba yake yuko kati.

Watu waliwekwa makundi. Walioonyeshwa picha kwanza, kisha wakasikiliza aya, walikumbuka wastani wa mawazo 8 kati ya 14. Waliosikiliza bila picha walikumbuka 3.6. Walioonyeshwa picha baada ya kusikiliza nao wakapata 3.6, yaani kana kwamba hawakuona kitu. Kulikuwa na kundi lingine ambalo watu husahau kulitaja, na kwangu hilo ndilo kundi la maana. Hawa walionyeshwa mapema picha yenye vitu vilevile, jamaa, gitaa, spika, maputo, ila vimepangwa tofauti, havisemi kile kisa. Walipata 4.

Hiyo 4 ndiyo inanisumbua. Inasema picha si pambo wala si sukari ya kumvutia msomaji. Picha ikitangulia inakuwa rafu, na maneno yanayofuata yanatafuta pa kukaa kwenye hiyo rafu. Yakipata nafasi yanakaa. Yasipopata, yanaanguka chini, na haijalishi uliyasoma kwa makini kiasi gani.

Mwaka 1982 William Levie na Richard Lentz walipitia majaribio mengi ya aina hii, yale ya kulinganisha maandishi yenye picha na maandishi matupu. Pale ambapo picha ilionyesha jambo lilelile lililoandikwa, waliosoma pamoja na picha walifanya vizuri zaidi karibu kila mara: mara 45 kati ya ulinganisho 46. Hiyo ndiyo sehemu wachapishaji wanaipenda. Lakini kwa yale mambo yaliyoandikwa tu na hayakuchorwa, faida ilikuwa kama haipo. Picha inaangaza pale inapoelekea. Mwalimu na katibu walikuwa gizani, sentimita chache chini ya machela.

Sasa turudi kwa picha yenyewe, kwa sababu haikutoka mbinguni. Ilipigwa upande wa waliomkamata. Utawala wa kikoloni uliichapisha kwenye vikaratasi vikasambazwa ili watu waone kwa macho yao kwamba imeisha, kwamba yule aliyesemwa hashikiki ameshikwa, ndiye huyu, amelala. Kila kitu ndani yake kina kazi. Pingu zinasema amefungwa. Machela inasema hawezi kusimama. Nywele zinasema huyu ni mtu wa porini. Kesi ilisikilizwa Nyeri, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, na tarehe 18 Februari 1957 Kimathi akanyongwa Kamiti.

Kisha uhuru ukaja, vitabu vikahitaji picha ya shujaa, na iliyokuwepo ni hiyo. Hatukuchora nyingine. Tuliichukua ya adui tukaigeuza maana: nywele zikawa fahari, pingu zikawa ushahidi wa ukatili wao. Mtaani iligeuzwa vizuri zaidi kuliko darasani, na hilo niwape wachoraji wa nganya. Wengi wao huacha machela kabisa. Wanachukua uso na nywele, wanaweka moto nyuma. Mwaka 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe, sanamu yake ikazinduliwa mjini kwenye barabara yenye jina lake: amesimama, amevaa kijeshi, silaha mikononi. Hapo walau amesimama. Lakini angalia mikono yake. Kutoka pingu tumeenda bunduki. Kalamu haijawahi kupita hapo.

Mtu ataniambia, kwani kuna ubaya gani? Shujaa ni shujaa. Ubaya ni kwamba mtoto wa Kayole anayetazama hiyo picha anajifunza kwamba kuna aina moja tu ya kupigana, na kwamba watu wa makaratasi walikuwa upande ule mwingine, wa hakimu na wa karani wa koloni. Hajui kwamba yule mwenye nywele alikuwa anaandika pia. Mimi mwenyewe nilijua nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikiwa tayari nimeacha chuo, kwenye kitabu nilichonunua kwa wale wa kuinama pale tauni. Na Social Studies nilikuwa nafaulu.

Tena sisi tulisoma kwa kugawana. Baada ya elimu ya msingi kuwa ya bure mwaka 2003 madarasa ya huku yalijaa, na darasani kwetu kitabu kimoja kilikuwa cha wanne. Aliyekaa katikati alisoma. Wa pembeni walisoma kwa ubavu, na yule aliyekaa ng'ambo ya dawati alisoma juu chini. Maneno hayasomeki juu chini, ila picha inasomeka kutoka upande wowote. Kuna watu wa rika langu ambao mtaala wote wa darasa la nane waliupata kama maonyesho ya picha, na sauti ya mwalimu kwa mbali. Hawakuwa wajinga. Walisoma walichoweza kuona.

Ndiyo maana siwezi kuwa upande wa wale wanaosema picha zipunguzwe vitabuni ili watoto wasome. Nilijua kusoma Kiswahili kwa sababu ya Juha Kalulu, ile katuni ya Edward Gitau iliyokaa Taifa Leo miongo na miongo. Gazeti lilikuwa la kinyozi wetu. Kwa katuni huwezi kuruka maneno ukaangalia picha tu, kwa sababu kichekesho kiko pale zinapokutana: Juha anasema hivi, mchoro unaonyesha vile. Wakenya tunaijua hiyo kazi kitambo. Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha gazeti la Joe mwaka 1973, na miaka ya 1980 Hirst akaja na Pichadithi, vijitabu vya hadithi za kale zilizochorwa. Lwanda Magere wa kwenye Pichadithi nilimpata nakala isiyo na jalada, kurasa zinatoka, na mpaka leo nakumbuka kisa chote kwa mpangilio wake, mkuki, kivuli, jiwe, kwa sababu kivuli kilichorwa pale hasa ambapo maneno yalikihitaji. Frank Odoi, Mghana aliyefanya Nairobi kuwa kwao na kutuchorea Akokhan, alikuwa na mkono huohuo. Alifariki kwa ajali ya matatu hapa Nairobi Aprili 2012. Halafu Shujaaz, kuanzia Februari 2010: Boyie amemaliza shule, hana kazi, anaendesha redio ya magendo kwa jina la DJ B, yote kwa Sheng, na ulikuwa unaipata bure ndani ya gazeti au kwa kibanda cha M-Pesa. Ndani ya katuni walikuwa wanakufundisha kilimo na biashara ndogo, na hukuona kama unafundishwa, manze. Fundisho na mchoro vilikuwa kitu kimoja, huwezi kukumbuka kimoja ukaacha kingine.

Kinyume chake kilitokea Busia. Watafiti wa uchumi wakiongozwa na Paul Glewwe na Michael Kremer walichukua shule 178 za magharibi mwa Kenya, nusu yake zikachaguliwa kwa bahati nasibu kupewa chati kubwa za picha za kufunua mbele ya darasa: sayansi, hesabu, jiografia, afya. Awali, ukilinganisha tu shule zilizokuwa na chati na zisizokuwa nazo, ilionekana kama chati zinapandisha alama. Jaribio lenyewe, lililochapishwa mwaka 2004, halikuona faida yoyote kwenye mitihani. Mimi sishangai. Chati inatundikwa, inapendeza, mgeni akija anaonyeshwa. Mtihani unauliza maneno yaliyo kwenye kitabu, na picha iko ukutani inaongea yake. Ni lile kundi la 4 tena, vitu vyote vipo ila havijapangwa kusema kisa.

Kuna ukurasa mmoja zaidi nataka kuutaja, huu unahusu mtaa moja kwa moja. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi walizingira Nairobi, wakaingia Bahati, Kaloleni, Ziwani, Pumwani, nyumba kwa nyumba. Operesheni Anvil. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini, Manyani na Mackinnon Road, wengine hawakurudi mjini tena. Historia ya Eastlands imekatwa katikati na hiyo siku. Kwenye kitabu cha watoto wangu ina sentensi tatu, haina picha, na wiki moja baadaye hakuna aliyeikumbuka, ingawa wawili wao wanabadilisha gari karibu na Bahati kila asubuhi wakienda shule.

Nikachukua karatasi ya bale ya unga, nikaitoboa matundu mawili, nikaivaa kichwani. Nikawapanga foleni kwenye koridoo. Nikapita nikimwangalia mmoja mmoja bila kusema neno, nikitikisa kichwa, huyu ndiyo, huyu hapana. Hivyo ndivyo gakunia walivyofanya kazi: jirani yako, ndani ya gunia, anakuchagua, na wewe hujui ni nani. Walicheka kwanza. Kisha wakaacha. Mama wa mmoja wao alitoka kuchungulia akaniuliza, "Mwalimu, kwani leo ni somo gani hili?" Hiyo Anvil sasa hawaisahau, mwaka, mitaa, Manyani, vyote, kwa sababu kila neno limepata mahali pa kukaa kwenye ile karatasi ya unga.

Kwa Kimathi nilienda kwa jamaa mmoja wa mtaani anayechora nganya. Nikamwomba anichoree kwenye kadibodi: mtu mwenye nywele zilezile, uso uleule, lakini ameketi chini ya mti, daftari gotini, kalamu mkononi. Aliniangalia. "Bunduki iko wapi?" Nikamwambia iweke ikiwa imeegemea mti. Alichora kwa siku mbili, akakataa pesa, akachukua tu soda.

Niliitundika juu ya meza kabla hatujafungua kitabu, picha kwanza kisha maneno, kama wale wa 1972. Tukasoma ukurasa uleule. Wiki iliyofuata, vitabu vimefungwa, watano waliandika kwamba Kimathi alikuwa mwalimu na katibu, na wanne walikumbuka KAU. Mmoja alitaja hata Nyahururu. Nywele bado zilikuwepo, kwa wote sita. Na yule dogo wa gredi ya saba aliandika, kwa mwandiko safi kabisa, kwamba mwaka 1956 Dedan Kimathi alikamatwa na Waingereza akiwa amekaa chini ya mti, akiandika.